Bibi Hapendi Baridi

Zuzu, Dodoma
25 Julai 1993

Kaka Lameck mpendwa,

Shikamoo, Kaka. Itikia kwanza, kisha kaa kitako, maana barua ya leo si ya kusomwa umesimama mlangoni huku utingo anakuita. Wifi Bupe hajambo? Na watoto? Kile kikohozi cha mdogo kimemwachia, au bado kinamsumbua asubuhi? Mama anasema wifi amsugue kifua kwa mafuta ya kondoo, na amfunge kitambaa cha moto kabla ya kulala. Nimeahidi kuandika hivyo, nami nimeandika.

Sisi huku ni wazima, kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima katika kipupwe hiki. Najua wewe wa Makambako utatucheka ukisikia tunalia baridi, lakini ya kwetu ina upepo. Unaanza kabla ya jogoo, unapita chini ya mlango, unaingia mpaka kwenye chungu cha maji. Mbuzi wanatoka zizini kwa kusukumwa. Mama havui lile sweta lako la shule, hata kanisani analivaa chini ya kitenge, na ukimwambia limetoboka kiwiko anakujibu kwamba kiwiko hakisikii baridi. Kuhusu hali ya maisha sina jipya. Maduka ya mjini yamejaa sabuni na sukari mpaka barazani, foleni tumezisahau, kilichoadimika sasa ni cha kununulia.

Barua yako tuliipata kwa mkono wa yule dereva mwenzako aliyekuwa anapeleka mbao Mwanza. Nilimsomea Baba palepale uani, naye akacheka vizuri kwa habari ya mbuzi wa mama mkwe wako. Lakini nilipofika pale ulipoandika kwamba baridi ya huko imezidi, kwamba lori lako siku hizi haliamki mpaka ulipashe moto muda mrefu, na kwamba tajiri wako ameanza kulalamika unachelewa kutoka, Baba aliacha kucheka. Akaniambia nirudie. Kesho yake jioni akaniomba tena nimsomee ile habari ya lori. Nilidhani anafurahi kuona mwanawe amerithi uvumilivu wake. Lishike hilo, Kaka, nitalirudia.

Sasa nikueleze habari za Bibi. Hukuwapo alipoingia nyumbani. Shirika lilipofungwa na Baba akapunguzwa kazi pamoja na wenzake, magari yalipigwa mnada, naye akainunua ile pikapu ya dizeli aliyokuwa ameiendesha tangu ikiwa mpya. Mama alisema ni kama mtu anayeoa mjane wa rafiki yake. Yeye ndiye aliyeipa jina la Bibi, kwa sababu kila asubuhi Baba huipigapiga boneti na kuiamkia shikamoo kabla ya kuishika. Tangu siku hiyo tunaishi kwa mgongo wa Bibi. Ndiye anayewapeleka akina mama wa Zuzu sokoni mjini na nyanya zao, maziwa yao na kuku wao waliofungwa miguu. Mimi hukaa mbele nikielekea shuleni kwangu kufundisha, na alasiri anaturudisha sote.

Kipupwe kikiingia, Bibi ana taratibu zake. Mama huamka wa kwanza na kuwasha mkaa. Jiko likishika vizuri, Baba hulisukuma chini ya tumbo la injini ili oili iliyoganda ilegee. Halafu huingia, hugeuza ufunguo nusu, akangoja kile kiwaya cha kwenye dashibodi kiive na kuwa chekundu, ndipo hupiga stata. Bibi hukohoa, hutoa moshi mweupe, hugonga kama mchi kwenye kinu, kisha hutulia kidogo kidogo. Jiko hurudi kwa Mama kuchemshia uji wa uwele, na abiria waliotangulia kufika huota moto hapo pembeni, wakisengenya watu ambao hawajafika. Ni saa nzuri, Kaka. Nilikuwa naipenda.

Baba hakubali kuondoa gari la dizeli likiwa baridi. Husema ni kumwamsha mzee kwa teke. Ukimhimiza, atakuletea habari ya Babu, ile ambayo mimi na wewe tulikuwa tukiisema pamoja naye neno kwa neno huku tunacheka: kwamba wakati wa kipupwe Babu hakufungua zizi mpaka umande ukauke, wenzake wakatangulia na kumwita mvivu, lakini ng'ombe wa Babu hawakuharisha hata mwaka mmoja. Haraka haraka haina baraka. Hapo humalizia kwa kuipigapiga boneti, na mjadala umekwisha.

Zamani Bibi alikuwa tayari kabla uji haujaiva. Kuanzia kipupwe cha mwaka jana, uji ulianza kuiva, ukanyweka, vikombe vikaoshwa, na Bibi bado hajapata moto. Mwaka huu ndiyo ilizidi. Baba anaweka kiganja juu ya boneti, anatikisa kichwa, anasema bado. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia taa akitengeneza gari tangu nikiwa darasa la nne, kwa sababu wewe ulikuwa ukisikia neno spana unakumbuka mbuzi hawajachungwa. Nilisikia kwa masikio yangu kwamba injini imetulia kitambo. Kiganja kilikuwa juu ya boneti, lakini uso wake ulikuwa umeelekea mashariki.

Kulikuwa na mambo mengine madogo, nami nisiwe mwongo, niliyaona nikayapita. Alipanga mawe kutoka mlango wa nyumba mpaka anapolala Bibi, akayapaka chokaa, akasema anataka ua wetu upendeze kama wa ofisi ya mkuu wa wilaya. Mama alifurahi mno na yale mawe, akawa anayafagilia. Kisha Baba akaanza kukataa safari za jioni. Alisema taa za Bibi zimechoka, lakini nilipomwambia nizipeleke kwa fundi wa umeme alisema nisihangaike. Akitembea kando ya gari mkono wake hauachi ubavu wa gari, anaupapasa kama mtu anayempita ng'ombe mkorofi. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilikuwa na macho.

Abiria wakaanza kunung'unika. Sokoni anayechelewa anauza kwa bei ya jioni. Isitoshe sasa yuko Brighton, yule mtoto wa mwinjilisti, ambaye ameletewa na mjomba wake kibasi cha mtumba kutoka Japani. Kinawaka kwa mguso mmoja na kina redio. Wengine wakahamia huko. Waliobaki walibaki kwa heshima, na mkubwa wao ni Mama Restuta muuza nyanya, ambaye unamjua, hana breki mdomoni. Siku moja mwezi wa Juni alifika akiwa na matenga mengi kuliko kawaida, mnunuzi wa hoteli akimngoja mjini. Akamwambia Baba mbele ya watu kwamba kama Bibi ni mgonjwa apelekwe wodini, yeye nyanya zake hazijui habari za umande. Watu wakacheka. Baba naye akacheka, akaingia garini, tukaondoka kabla hakujapambazuka.

Alikwenda polepole sana, ameinamia usukani, kifua kimegusa. Nilimwona akipitisha ulimi kwenye midomo. Tulipofika pale barabara inapokata reli, kiberenge cha wafanyakazi wa reli kilikuwa kinakuja upande wangu wa kushoto, taa yake inawaka, nacho kinapiga king'ora. Nilingoja Baba afunge breki. Hakufunga. Nikapiga kelele, sijui nilisema nini, na mguu wake ukashuka ndipo gari likasimama, pua imekwisha kupanda kwenye tuta la reli. Kiberenge kilipita mbele yetu nikauona uso wa mtu aliyekaa pembeni. Nyuma matenga yalianguka, akina mama wakalia. Wale wafanyakazi walisimama mbele kidogo wakamtukana Baba, wakamuuliza kama ni kipofu. Baba aliwajibu kwa heshima kwamba alikiona, ila breki zilichelewa kushika.

Mama Restuta alijilaumu yeye na haraka zake, akaokota nyanya zake kimya, jambo ambalo halijapata kutokea. Tulipoingia tena garini Baba hakuondoa gari mara moja. Aliniuliza kwa sauti ya chini, bila kugeuka, kile kiberenge kilikuwa kimetokea upande gani.

Kaka, tangu asubuhi ile sijakaa vizuri. Shuleni niliandika ubaoni nikasahau ninaandika nini. Kila nikiwatazama wale akina mama waliopanda nyuma, wengine na watoto mgongoni, nilikuwa nawahesabu kama ni wangu. Nilijaribu kusema na Baba. Nikaanzia mbali, nikamwambia walimu wenzangu wengi wanavaa miwani siku hizi, hata vijana. Akaniambia miwani ni ya wanaosoma, barabara haisomwi. Nilipokaza alinikatalia kwa ukali ambao sijausikia tangu nilipokuwa mtoto, akaniuliza kama nataka akae barazani afukuze kuku. Nilimwendea Mama. Mama akaendelea kuchambua mboga ya mlenda, akasema baba yenu ana macho yake. Mimi nami sikuthubutu kumwambia mtu wa nje. Unajua mwenyewe mji huu. Neno likitoka asubuhi, jioni linarudi limeshazaa.

Ndipo likaja jambo la kwaya. Kanisa la Chemba lilikuwa linazinduliwa, na kwaya yetu ilialikwa kuimba. Mchungaji alimwomba Baba awapeleke, na Baba, kwa kuwa ni mzee wa kanisa na kwa kuwa habari ya kiberenge ilikuwa imeanza kuzungumzwa chini chini, alikubali mbele ya watu wote. Ili wawahi ibada ilibidi waondoke alfajiri, giza likiwa bado zito, vijana na wasichana wamejaa nyuma ya pikapu, barabara yote ile ya vumbi na makorongo. Nilimwuliza kama hawawezi kuondoka kukipambazuka. Akajibu kwamba kanisa halimngoji dereva. Siku zile hakula vizuri, nami sikula. Nilijua anaogopa. Nilijua pia kwamba ataendesha.

Basi Jumamosi jioni, yeye akiwa kwenye kikao cha wazee, nilichukua spana yake, nikafungua boneti, nikailegeza nati ya bomba la mafuta pale linapoingia kwenye chujio. Niliilegeza kiasi cha kuingiza hewa, hata kumwagika haikumwagika sana. Wewe ni dereva, unajua dizeli ikila hewa haina ujanja. Nikaifuta spana kwa khanga yangu, nikairudisha. Nikaenda kuinjika ugali mikono ikinuka mafuta, na Mama alinusa, akanitazama, akaniambia ninawe kwa majivu.

Alfajiri walikuja wote, wamevaa sare zao, meno yanagongana. Mama aliwasha mkaa kama kawaida. Baba alimwamkia Bibi, akangoja kiwaya kiive, akapiga stata. Bibi akawaka, kila mtu akashukuru, halafu akakohoa mara mbili akazima. Baba akapiga tena. Moshi mweupe, kisha kimya. Wakachemsha maji wakayamwaga juu ya injini. Wakaongeza mkaa. Wakasukuma mpaka kwenye mteremko wa kisimani na kurudi, vijana wanahema, wasichana wameacha kuimba. Betri nayo ikachoka. Nilikuwa nimesimama kando nimejifunga blanketi. Nilimwomba Mungu gari lisiwake, kisha nikamwomba anisamehe kwa ombi hilo.

Baba akasema limekula hewa. Akafungua boneti. Mtu mmoja akamletea tochi, akaikataa, akasema vidole vinamtosha. Akaanza kwenye tangi la mafuta, akalifuata bomba kwa vidole taratibu, mpaka kwenye chujio, mpaka kwenye ile nati. Hapo vidole vikasimama. Akaigusa tena, nikajua ameiona inavyozunguka bila spana. Akavinusa vidole vyake. Kaka, alikaa ameinama hivyo mpaka nikadhani ameshikwa na kiuno. Kisha akainuka, akageuza uso kuelekea mahali nilipokuwa nimekohoa kidogo kabla ya hapo, wala hapo sipo nilipokuwa nimesimama sasa, akawatangazia watu kwamba pampu imekufa, leo Bibi hawezi, wamtafute Brighton.

Brighton akaja na kibasi chake na redio yake. Wakapanda wakaenda, na jioni walirudi salama wakiimba, lakini hayo ni ya baadaye.

Ua ulipobaki na sisi watatu, Baba aliniagiza spana kwa namba yake. Nilimpa. Akaikaza ile nati, akasukuma pampu ya mkono kutoa hewa, akaomba betri ya jirani, akaingia akapiga stata. Bibi akawaka papo hapo. Baridi ilikuwa ileile, jiko lilikuwa limekwisha kuondolewa, na injini ikatulia kabla sijafunga boneti. Giza lilikuwa bado halijaondoka. Baba akazima. Akakaa mle ndani mikono juu ya usukani, akaniambia niingie nikae mahali pangu.

Hakuniuliza kwa nini. Aliniambia tu kwamba Bibi hajawahi kuwa na shida na baridi, angalau si ya kiasi hicho. Akasema tangu mwaka ule aliopunguzwa kazi, kukiwa na giza haoni, na hata mchana anaona cha mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Cha pembeni kinamfikia kimechelewa. Ndiyo maana ya mawe yale ya chokaa. Ndiyo maana ya taa zilizochoka. Alikuwa anangoja kupambazuke, na kwa kuwa huwezi kuwaambia watu unangoja kupambazuke, alikuwa anawaambia anangoja injini. Mama alikuwa amesimama mlangoni na jiko mkononi. Akasema yeye amejua tangu siku ya mawe, na kwamba kila asubuhi alikuwa akiwasha mkaa ule kwa ajili ya macho ya mumewe, gari halikuwa na haja nao. Akasema amechoka, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii nusura kiwaumbue watu wengi pamoja naye. Akaenda kuchemsha uji. Mimi nililia, Kaka, nililia vibaya, na Baba akanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo.

Kisha akaniambia la Babu. Nilikuwa namwambia kwamba tulimwamini kwa sababu ya ile habari ya umande na zizi. Akaniambia hakukuwa na umande wowote. Babu alikuwa haoni asubuhi. Baba alikuja kulijua hilo akiwa kijana, siku Babu alipofungua zizi mapema kwa kuzomewa na wenzake, akaingia moja kwa moja kwenye miiba ya ua wake mwenyewe. Hata hivyo Babu alishikilia habari ya umande mpaka akapofuka kabisa, na watu wakaiamini, na Baba akaichukua akaifanya hekima kwa sababu ilimwuma kuifanya kitu kingine. Nasi tukaisema kwa kucheka.

Nilimpeleka hospitali ya misheni, kwenye kliniki ya macho. Alikwenda bila ubishi, amevaa koti la harusi. Daktari alimpima kwa muda mrefu. Alisema ni presha ya macho. Presha hii iko ndani ya jicho lenyewe, haihusiani na ile ya damu, nayo inakula kuanzia pembeni kuja katikati, polepole, bila maumivu, hata mwenyewe hajui mpaka imekwisha kula sana. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote. Usukani ndiyo basi. Baba aliitikia kila neno kwa kusema sawa. Halafu daktari akasema ugonjwa huu hutembea katika ukoo, akanipima na mimi. Kwa sasa sina, ila nirudi kila mwaka. Akauliza kama mzee ana watoto wengine.

Baba akawahi kujibu kwamba mtoto wake ni mimi tu.

Nilimtazama nikadhani sikusikia. Nje, kwenye baraza la hospitali, akanishika mkono akanisihi nisikuandikie. Alisema Lameck ana mke na watoto, wote wanakula kutoka kwenye lori lile, na tajiri akisikia neno macho hatangoja kipimo. Akasema mwache ale mkate wake kwanza, habari mbaya haina haraka. Nikamwambia Babu alisema hivyohivyo, na yeye mwenyewe akasema hivyohivyo. Njia nzima alikuwa akiuliza tumefika wapi.

Ndiyo sababu barua hii imechukua wiki kuandikwa. Nimemwahidi Baba nisiandike, na ninaandika. Mungu atanihukumu kwa hilo, lakini asinihukumu kwa kunyamaza.

Sasa usukani ninao mimi. Leseni yangu ya tangu chuo cha ualimu ilikuwa imelala kabatini, nimeitoa. Mama Restuta siku ya kwanza aliniuliza kama atafika mjini au atafika mbinguni, na siku ya pili akakaa mbele kabisa anisimulie habari za watu. Asubuhi Baba bado anamwamkia Bibi, anapiga stata yeye, anasikiliza, halafu ananipisha. Akisema tayari, ni tayari. Na hili ndilo linaloninyima usingizi, Kaka. Siku hizi Bibi anapata moto upesi. Uji haujaiva, sisi tumekwisha kuondoka. Gari ni lilelile na kipupwe ni kilekile.

Na lori lako si zee kama Bibi. Mwaka jana uliandika kwa majivuno kwamba tajiri amelileta kutoka nje, kwamba linawaka ukiligusa tu. Makambako imekuwa na baridi tangu Mungu aiumbe. Baba aliponiomba nirudie sehemu ile ya barua yako, hakuwa anafurahia uvumilivu wako. Alikuwa anajisikia mwenyewe akisema. Nakuuliza mimi, kwa kuwa yeye hawezi: ukiwa umekaa ndani ya lori lako asubuhi, unangoja injini ipate moto, au unangoja kupambazuke?

Usinijibu kwa utani. Simama uani, mtazame wifi Bupe usoni bila kuhamisha macho, mtu mwingine anyooshe vidole kando ya sikio lako, useme ni vingapi. Daktari alifanya hivyo. Kama utavikosa, usipande lori. Panda basi uje, nauli tutajua, nikupeleke kwenye kliniki ileile kama ndugu yangu, nami nitamwambia daktari kwamba mzee ana watoto wawili. Dawa inalinda kilichobaki, na wewe huenda kwako kimebaki kingi. Baba alikiacha chake kikaisha kwa kuona aibu. Wewe usione aibu mbele yangu, mimi ndiye niliyekusitiri ulipopoteza mbuzi wa mchungaji.

Mama anakusalimu, na anasema sweta harudishi. Mama Restuta naye anakusalimu, kasema mbukwa. Wasalimu watoto wote, na wifi mwambie nampenda, na kwamba asikasirike nikimtisha.

Baba amesikia kalamu yangu ikikwaruza, ameuliza ninamwandikia nani. Nimemwambia ninakuandikia wewe, salamu tu. Amesema basi nikuulize kama baridi ya huko imepungua.

Mdogo wako akupendaye,
Ruthu